Kumtafuta Otieno Homa Bay

Chukua sajili ya wapiga kura ya kituo kimoja pale Mbita, Kaunti ya Homa Bay, uipange kwa alfabeti ukifuata jina la mwisho. B itakuwa na majina machache, D machache, X haitakuwa na kitu. Kisha utafika O, na O haiishi: Obiero, Ochieng, Odhiambo, Odongo, Okello, Okoth, Omondi, Onyango, Opiyo, Otieno, Ouma, Owino. Mjaluo humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa, kwa mvua iliyonyesha siku hiyo, au kwa kuzaliwa pacha. La mvulana kwa kawaida huanza na O na la msichana na A, na kwa kuwa wake wengi huchukua jina la mume, O inazidi kufura. Nenda Kehancha, upande wa Wakuria katika Kaunti ya Migori, na mrundiko unahamia kwingine, kwa akina Chacha, Marwa na Mwita.

Mwenyeji haoni ajabu yoyote hapo. Kwa programu ya kompyuta, mrundiko huo ni mtihani, na ndiyo maana kaunti hizi mbili zinafaa sana kuelezea mojawapo ya vifaa vya kale na vyenye manufaa zaidi katika sayansi ya kompyuta: safu iliyopangwa. Safu ni vitu vya aina moja vilivyowekwa mfululizo katika kumbukumbu ya kompyuta, bila pengo kati yake. Vikifuatana kwa kanuni inayojulikana, cha kutangulia mbele na cha kufuata nyuma, safu hiyo imepangwa. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini jambo dogo hilo huzaa uwezo mkubwa sana, na huzaa pia kosa la kimyakimya linaloweza kumfanya mtu aliyesajiliwa vizuri aambiwe kwamba hayumo.

Nianze na uwezo. Katika uchaguzi wa 2017 na wa 2022, tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo. Majina 700 yakiwa yamevurugika, anayemtafuta mtu mmoja anaweza kulazimika kuyasoma yote. Yakiwa yamepangwa, anafungua katikati na kujiuliza: ninayemtaka yuko kabla ya hapa au baada yake? Jibu lolote linaitupa nje nusu ya orodha. Yanabaki 350, kisha 175, kisha 87, 43, 21, 10, 5, 2, 1. Maswali kumi na kazi imekwisha, hata kama anayetafutwa hayupo.

Sasa panua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay. Kumfikia yeyote kati yao kwa njia hiyo hakuhitaji maswali zaidi ya 21. Migori walikuwa 1,116,436. Unganisha kaunti zote mbili, upate watu 2,248,386, na maswali yanakuwa 22. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka, na gharama yao yote ni swali moja. Kenya nzima, watu 47,564,296, ni maswali 26. Hesabu hii haijaacha kunishangaza, na sidhani kama inastahili kuzoeleka.

Aliyeitaja njia hiyo hadharani kwa ajili ya kompyuta alikuwa John Mauchly, mmoja wa waliounda mashine ya ENIAC, katika mihadhara iliyotolewa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1946. Wazo lilionekana jepesi kiasi kwamba mtu angedhani limekwisha kazi siku hiyohiyo. Halikwisha. Maelezo yaliyochapishwa miaka ya mwanzo yalifaa tu kwa orodha zenye idadi maalumu, kama 511 au 1023, ambazo kila zikikatwa katikati hugawanyika bila kubakiza. Orodha ya watu 700 isingeingia humo. Derrick Lehmer ndiye aliyechapisha njia inayofaa idadi yoyote ile, mwaka 1960. Miaka 14 kwa jambo linaloelezeka kwa sentensi tatu!

Na bado kosa lilikuwa limejificha. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mtaalamu aliyekuwa Google, alitangaza kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu aliouandika yeye mwenyewe ndani ya maktaba ya lugha ya Java ulikuwa na kasoro, na umekuwa nayo kwa miaka kama tisa. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha mwanzo na mwisho, ikagawa kwa mbili. Namba kamili ya kawaida kwenye kompyuta nyingi haiwezi kupita 2,147,483,647. Orodha ikizidi vitu bilioni moja na kidogo, jumla hiyo inafurika na kugeuka namba hasi, na programu inaanguka. Kwa Homa Bay hatari hiyo haipo. Kwa orodha ya Waafrika wote ipo. Tiba yake ni kuchukua mwanzo na kuuongezea nusu ya umbali uliobaki, badala ya kujumlisha kwanza.

Binadamu, kusema kweli, hatutafuti kwa kukata katikati. Ukimtafuta Otieno hufungui katikati ya daftari. Unajua O ni herufi ya 15 kati ya 26, basi unafungua mbele kidogo ya nusu. Ukimtafuta Abuya unafungua kurasa za kwanza. Kompyuta nayo inaweza kufundishwa kukisia hivyo, na W. W. Peterson aliieleza njia hiyo mwaka 1957. Data ikiwa imetawanyika sawasawa, kukisia kunashinda kukata nusu kwa mbali. Lakini majina ya hapa hayakutawanyika sawasawa. Mashine inayokisia kwa kuamini kwamba kila herufi ina sehemu yake itatua pasipo, itasogea kidogo, itakisia tena vibaya, na katika hali mbaya kabisa itaishia kutambaa jina kwa jina. Kukata katikati hakujali mrundiko. Hakuulizi majina yanafananaje. Kunauliza tu nani anatangulia. Orodha ya Mbita na orodha ya Kehancha zikiwa na idadi sawa, zinapata idadi ileile ya maswali. Nadhani huu ni ubora ambao haupewi sifa ya kutosha: njia isiyo ya ujanja mwingi ndiyo inayomtendea kila mtu sawa.

Ili kuijenga safu iliyopangwa ndani ya programu, nitatumia lugha ya C. Ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha isiyojua mambo mengi. Haijui mtu ni nini wala samaki ni nini. Inajua baiti tu, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu vilivyohesabiwa. Ufukara huo ndio unaowezesha kitu kizuri. Katika C unaweza kujenga chombo kimoja cha safu iliyopangwa kinachofaa kuhifadhi chochote, mradi ukiambie mambo manne: safu inaanzia wapi, ina vitu vingapi, kila kimoja kina ukubwa wa baiti ngapi, na kanuni gani itumike kulinganisha viwili. Maktaba ya kawaida ya C, iliyowekewa viwango mwaka 1989, ina kitendaji cha kupanga kiitwacho qsort na cha kutafuta kiitwacho bsearch. Vyote viwili vinataka hayo manne, na bsearch inataka na la tano, yaani kile unachokitafuta.

Maana yake ni kwamba anayeandika programu haandiki kazi ya kupanga upya kila siku. Chombo kilekile kinaweza kubeba uzito wa mbuta waliopimwa ufuoni Mbita, gramu za dhahabu kutoka mashimo ya Nyatike, au idadi ya korongo walioonekana katika Mbuga ya Ruma mwezi baada ya mwezi. Kinachobadilika ni kanuni ya kulinganisha peke yake. Tangazo lake katika C ni mstari mmoja:

int linganisha(const void *a, const void *b);

Kanuni hiyo inapewa anwani za vitu viwili bila kuambiwa ni vya aina gani; neno void ndilo linaloficha aina. Yeye aliyeiandika ndiye anayejua. Inarudisha namba: chini ya sifuri ikiwa cha kwanza kinatangulia, sifuri vikiwa sawa, zaidi ya sifuri ikiwa cha kwanza kinafuata. Chombo kizima, chenye watu 700 au milioni mbili, hakijui lolote kuhusu ulimwengu isipokuwa jibu hilo. Kama jibu ni baya, kila kitu juu yake ni kibaya.

Ndiyo maana nataka kukaa hapa kidogo.

Jina Ochieng huandikwa kwa ritifaa mwishoni, Ochieng', na wenye jina hilo wanajua kwa nini: sauti ya mwisho ni ile ya ng'ombe. Karani mmoja anaiandika, mwingine anaiacha. Kwa kompyuta kila alama ni namba. Nafasi tupu ni 32, ritifaa iliyonyooka ni 39, A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90, a ndogo ni 97. Lakini programu nyingi za kuandikia, kwa kutaka kupendezesha maandishi, hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo kwa kawaida huhifadhiwa kwa baiti tatu zinazoanza na 226. Kwa macho yetu ni alama ileile. Kwa kanuni inayolinganisha baiti, moja iko kabla ya herufi zote na nyingine iko baada ya zote. Ong'ayo wa ritifaa iliyonyooka atakaa mbele ya Ongoro. Ong’ayo wa ritifaa iliyopinda atakaa nyuma ya Ongoro na nyuma ya kila jina linaloanza na Ong na kufuatiwa na herufi ya kawaida. Mahali ambapo majina ya O yanajaza kurasa, umbali kati ya hao wawili si mdogo. Mtu akitafutwa kwa alama moja na amehifadhiwa kwa nyingine, mashine itakata katikati mara kumi, kwa usahihi kabisa, na kujibu kwamba hayumo.

Herufi kubwa ni balaa jingine. Tuseme orodha imepangwa na programu isiyojali kubwa wala ndogo, halafu inatafutwa na programu inayojali. Unaandika OTIENO. Katikati ya orodha yupo Odhiambo. Mashine inalinganisha O na O, ni sawa; kisha T kubwa, ambayo ni 84, na d ndogo, ambayo ni 100. 84 ni chini ya 100, kwa hiyo OTIENO lazima awe kabla ya Odhiambo. Nusu ya pili inatupwa. Na Otieno yumo ndani ya nusu hiyo. Swali la kwanza tu limempoteza, na hakuna swali lolote linalofuata litakalomrudisha, kwa sababu njia hii haigeuki nyuma. Hakuna onyo linalotokea, wala taa nyekundu. Orodha ni sahihi, utafutaji ni sahihi, ila kanuni mbili zimetumika mahali palipostahili moja.

Tarehe zina shida yake. Mkulima wa miwa Awendo anahesabu umri wa shamba kutoka siku ya kupanda, kwa hiyo orodha ya mashamba inapaswa kupangwa kwa tarehe. Tarehe zikiandikwa kama maandishi kwa mtindo tuliouzoea, siku kwanza, basi 03/11/2023 itatangulia 15/02/2022, kwa kuwa 0 inatangulia 1 na kompyuta haikufika hata kwenye mwaka. Zikiandikwa mwaka kwanza, 2022-02-15 na 2023-11-03, zinajipanga zenyewe sawasawa hata kwa kanuni ya maandishi ya kawaida. Anayetunza orodha yoyote ya tarehe, hata kwenye jedwali la ofisini, apate faida hiyo bure.

Nambari za simu zinanipa mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu kosa lake linajua jiografia. Waandishi wengi wa programu za C hulinganisha namba mbili kwa kutoa moja kutoka kwa nyingine na kurudisha tofauti: tofauti ikiwa hasi, ya kwanza inatangulia. Ni nadhifu, ni fupi, na ina sumu. Nambari ya simu yenye kiambishi cha nchi ina tarakimu 12, kwa hiyo inawekwa katika namba pana ya baiti nane, lakini jibu la kanuni ni namba ya kawaida ya baiti nne, isiyopita 2,147,483,647. Jaribu Isebania, mpakani na Tanzania. Nambari ya Kenya inayoanza na 25411 na ya Tanzania inayoanza na 25575 zinatofautiana kwa takriban bilioni 1.64. Inaingia. Programu inafaulu, na mwandishi wake analala vizuri. Sasa ipeleke Migingo, kisiwa kidogo cha wavuvi kilichozozaniwa na Kenya na Uganda, ambako simu za nchi zote mbili zinalia. Nambari ya Uganda inayoanza na 25677 ukiitoa ile ya Kenya ya 25411 inabaki kati ya bilioni 2.65 na 2.67. Haiingii. Kwenye kompyuta za kawaida inakatwa na kugeuka hasi, na Uganda inahesabiwa kuwa inatangulia Kenya. Lakini nambari za Kenya za zamani zaidi, zinazoanza na 25472, bado zinapangwa vizuri mbele ya zile za Uganda, kwa kuwa tofauti yao ni bilioni 2.05 tu. Orodha inakuwa na mpangilio unaojipinga wenyewe: Uganda kabla ya hawa Wakenya, baada ya wale. Kanuni sahihi haitoi kitu. Inauliza tu ipi ni kubwa, na kurudisha 1, 0 au hasi moja.

Yupo na mwenye jina sawa na mwenzake. Kiwango cha C kinasema wazi kwamba bsearch ikikuta vitu vingi vilivyo sawa, haijabainishwa kitarudi kipi. Tafuta Otieno kwa jina hilo peke yake katika orodha ya Homa Bay na utapewa Otieno fulani, yeyote ambaye mkato uliangukia. Mahali ambapo majina ya mwisho hayafanani sana, programu inaweza kuishi na udhaifu huo miaka mingi bila mtu kuuona. Hapa utaonekana siku ya kwanza. Dawa ni mbili. Kanuni ya kulinganisha iendelee mbele: majina ya mwisho yakilingana itazame la kati, kisha la kwanza, kisha nambari ya kitambulisho, hadi pasiwe na wawili walio sawa. Au utafutaji wenyewe usisimame unapokuta sawa, bali uendelee kukata kushoto hadi umpate Otieno wa kwanza kabisa, kisha usome kutoka hapo akina Otieno wote.

Kufanana huko kumewahi kuwaumiza hata mabingwa. Njia ya kupanga iliyoipa qsort jina lake ilibuniwa na Tony Hoare, Mwingereza, alipokuwa mwanafunzi mgeni Chuo Kikuu cha Moscow karibu na 1960. Alikuwa akishughulika na tafsiri ya Kirusi kwa mashine. Kamusi ilikuwa kwenye utepe wa sumaku, imepangwa kwa alfabeti, na kuurudisha utepe nyuma na mbele kwa kila neno la sentensi kungechukua muda mrefu mno. Afadhali kupanga maneno ya sentensi kwanza, kisha kuupitisha utepe mara moja. Aliichapisha mwaka 1961. Miaka 30 baadaye, mwaka 1991, Allan Wilks na Rick Becker wa maabara ya Bell waliona qsort iliyostahili kumaliza kwa dakika chache ikitafuna saa kadhaa. Jon Bentley na Doug McIlroy walipochunguza waligundua kwamba matoleo yaliyokuwa yakisambazwa duniani yangeweza kukwama pia kwa data yenye vitu vichache vinavyorudiwarudiwa. Toleo walilolieleza mwaka 1993 linatenga makundi matatu, walio kabla, walio sawa na walio baada, na walio sawa haliwagusi tena. Akina Onyango wengi kwa pamoja wakawa si mzigo tena.

Nimeeleza kutafuta na kupanga. Kuongeza ndiko safu iliyopangwa inakolipia deni lake. Vitu vimekaa bega kwa bega kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati, na anayetakiwa kuketi katikati anawafanya wote wa upande mmoja wasogee. Mtu mpya aitwaye Abuya akiingia katika orodha ya kaunti nzima, karibu watu milioni moja wanahamishwa nafasi moja. Kompyuta inahamisha baiti haraka sana, kwa hiyo mara moja si kitu. Mara elfu kwa siku ni kitu. Sajili inayofungwa kabla ya kupiga kura, ikasomwa siku nzima bila kubadilika, inafaa kabisa kuwa safu iliyopangwa. Daftari la kliniki linaloongezeka kila asubuhi linafaa kukusanya wapya pembeni, kisha kuwaunganisha wote kwa mpigo mmoja usiku.

Kuna njia nyingine, na unayo mfukoni. Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakiwa katika maabara za kampuni ya Boeing, walieleza mwaka 1972 jinsi ya kugawa orodha ndefu katika kurasa nyingi ndogo, kila ukurasa ukiwa safu fupi iliyopangwa, na kurasa za juu zikielekeza kwenye za chini. Anayeingia anawasogeza wa ukurasa wake tu. SQLite, programu ya hifadhidata iliyoandikwa kwa C na D. Richard Hipp tangu mwaka 2000, inafanya hivyo, na imo ndani ya simu za Android. Mwenye simu Rongo au Oyugis anapoandika herufi tatu za jina la shangazi yake, data inayotazamwa iko katika kurasa za aina hiyo, na ndani ya kila ukurasa vielekezi vimepangwa na kutafutwa nusu kwa nusu. Mauchly na Lehmer wanafanya kazi hapo, mara nyingi kwa siku, bila kutajwa.

Kwa nini nashikilia sana habari ya kanuni ya kulinganisha? Kwa sababu ya uzito wa jibu lile la "hayumo". Machi 4, 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilipokwama katika vituo vingi vya Kenya, makarani walirudi kwenye sajili zilizochapishwa, na mtu kupiga kura au kurudi nyumbani kukategemea jina lake kupatikana kwenye karatasi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori walikuwa wakiishi na virusi vya HIV. Kwao orodha ya kliniki ndiyo inayounganisha dawa za mwezi uliopita na za mwezi huu. Asiyepatikana kwenye mashine anaweza kufunguliwa faili jipya, na historia yake ikabaki katika lile la zamani, chini ya ritifaa nyingine.

Kukata nusu kwa nusu kulihitajika kwa dharura mwaka 1946, mashine zilipokuwa na mwendo wa kobe na kila swali likihesabika. Leo kompyuta ya bei nafuu inasoma majina yote 1,131,950 ya Homa Bay, la kwanza hadi la mwisho, chini ya sekunde moja. Kwa hiyo ninalo pendekezo kwa kila anayeandika programu ya kutafuta watu huku kwetu. Utafutaji wa nusu kwa nusu ukisema "yumo", uamini, thibitisha nambari ya kitambulisho na uendelee. Ukisema "hayumo", usimwambie mtu bado. Hakikisha kwanza kwamba orodha imepangwa kweli, kwa kulinganisha kila jina na linalolifuata. Kwa watu 700 ni ulinganisho 699. Kisha pitia orodha yote moja kwa moja, herufi kubwa na ndogo zikihesabiwa sawa, ritifaa za aina zote zikiondolewa, nafasi za ziada zikifutwa. Mwisho onyesha majina yaliyokaribiana, pamoja na nambari za vitambulisho vyao, ili karani ageuze skrini na kumwonyesha anayesubiri mbele yake.